Mikono Niliyofundishwa Kibiti

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi pale Kibiti, watoto tisini na kitu kwenye chumba kimoja, na kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku ya Mungu. Kilianza na kengele ya asubuhi, kikapanda kutokea shingoni, na ikifika saa sita nilikuwa naandika ubaoni jicho moja limefumba. Zahanati walinipa aspirini, wakanipa tena, na mara ya tatu tabibu akaniambia nipunguze mawazo. Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Mawazo ningeyapunguzia wapi? Mume wangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha korosho. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, chama kikafa polepole, naye akabaki nyumbani anasikiliza redio tangu asubuhi mpaka betri zinakwisha. Madukani vitu vilijaa, sabuni za kila rangi, mitumba imetandazwa hadi barabarani, na kila mtu alisema mambo yamefunguka. Mimi niliona nyumba yangu imefungwa na mtu mzima yumo ndani.

Katika mradi wa mpunga wa bondeni kulikuwa na mtaalamu wa Kijapani, na mkewe alikuwa hana kazi ya kufanya. Watoto walimwita Mchina, wengine Mzungu, sisi wakubwa tukamwita Mama wa Kijapani. Alikuja shuleni siku moja na baiskeli, akamwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili cha kuokotaokota kwamba anataka kujifunza lugha. Mwalimu mkuu akanitaja mimi kwa sababu nyumba yangu ilikuwa jirani na ya huyo mama. Hakuniuliza kama nina nafasi. Basi nikawa naenda kwake alasiri mara tatu kwa wiki, nimeshachoka, kumfundisha ngeli za nomino mwanamke wa miaka hamsini aliyekuwa anaandika kila neno ninalosema, hata nilipokuwa nawafukuza kuku.

Alasiri moja kichwa kilinizidi. Nikaegemea meza. Aliniuliza kama anaweza kuniwekea mikono, nami nikakubali ili anyamaze. Akaja nyuma yangu, akaniwekea viganja machoni, hakukanda, hakusugua, hakusoma kitu. Aliviacha tu pale kama mtu anayefunika chungu. Nakumbuka niliwaza kwamba muda wa somo unapotea. Kisha nikashtuka, jua limeshuka dirishani, na ute umenitoka mdomoni hadi kwenye kanga. Nilikuwa nimelala nimekaa. Niliona aibu sana, lakini kichwa kilikuwa chepesi, na nilikuwa nimesahau wepesi ukoje.

Aliniambia kitu kile kinaitwa reiki, kwao Japani kipo, na yeye alifundishwa na shangazi yake baada ya kuugua. Alisema ni nguvu ya uhai inayopita mikononi, na mtu hujifanyia mwenyewe kwanza, kila siku, kabla ya kumfanyia mwingine. Nilimuuliza kama kuna mizimu, kama kuna kuapa, kama kuna kitu cha kunywa. Akasema hakuna. Hata hivyo nilikwenda kumuuliza shehe wetu, maana sikutaka kuingia shirki kwa ajili ya kichwa. Shehe alinisikiliza, akasema maadamu simwombi asiyekuwa Mungu, kujishika kichwa changu mwenyewe hakujakatazwa na mtu. Nilivyomjua, aliona ni upuuzi wa walimu.

Nikafundishwa. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti, nikafumba macho, akazunguka nyuma yangu kwa muda mrefu akifanya mambo kichwani kwangu bila kunigusa. Jambo hilo aliliita kunifungua. Nilingoja nione kitu. Nilichosikia ni mtu anatwanga nyumba ya pili. Kisha akanionyesha mahali pa kuweka mikono: machoni, masikioni, kisogoni, kooni, kifuani, tumboni juu, tumboni chini, kiunoni. Kila mahali dakika tano, kwa siku ishirini na moja bila kuacha hata moja. Akanipa na maneno ya kushika, akayaandika yeye mwenyewe kwa Kiswahili ili iwe zoezi la somo: kwa leo nisikasirike, kwa leo nisihangaike, nishukuru, nifanye kazi yangu, niwe mwema kwa watu. Nilimsahihishia viambishi kwa kalamu nyekundu, na nilipofika kwenye lile la kutokasirika nilikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Dakika arobaini. Naomba anayejua nyumba ya uswahilini anionyeshe mahali mwanamke anaweza kukaa dakika arobaini amejishika tumbo asiulizwe. Chumbani, mume wangu aliniuliza naumwa nini. Nilipomweleza akaitikia, akarudi kwenye redio yake, dakika tatu baadaye akaja kuuliza chumvi iko wapi. Ukumbini watoto wangu wawili walinikalia pembeni wakaniiga. Uani ndiyo kabisa. Jirani alinikuta viganja viko chini ya kitovu, macho yamefumba, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unanipa hongera ya mimba. Wiki ile nilikana mimba mara sita. Mwishowe nikahamia stoo ya shule, kule tulikoweka majembe na chaki, nikawa nakaa juu ya gunia wakati wa mapumziko. Mwalimu mkuu alinifumania siku ya tisa. Akasimama mlangoni, akatazama majembe, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina kikao na mtu. Nikarudi darasani.

Na lile joto sikulipata. Mama wa Kijapani alisema viganja vitapata moto, au vitawasha, au nitaona kama maji yanapita. Mimi niliona viganja. Nilimwambia hivyo kila alasiri ya somo, naye kila mara alisema, polepole, Mwalimu, polepole, mpaka nikatamani nimpige na daftari lake. Lakini lazima niseme na hili: kufikia wiki ya tatu nilikuwa nalala. Kichwa kikawa kinakuja mara mbili kwa wiki, halafu mara moja. Sijui kama ni nguvu ya uhai au ni kule kukaa kimya tu, kitu ambacho tangu nizaliwe sikuwahi kuruhusiwa. Sikujua wakati ule na sijui sasa.

Mwaka uliofuata mradi wa mpunga ulifungwa. Mama wa Kijapani akaondoka na mumewe, akaniachia baiskeli na anwani. Alikuwa anasema Kiswahili safi kuliko baadhi ya wakaguzi wetu.

Dada yangu mkubwa aliolewa huko deltani, kisiwa cha mbele ya Nyamisati, na mkata mikoko. Baba yetu alikuwa Mmatumbi wa Mbwara, watu wa milimani, na alipomwoza dada kwa watu wa maji alisema amempeleka binti yake kuishi na kaa. Dada alizoea. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na aliponiita mdogo wangu lilikuwa neno lenye amri ndani yake. Kiangazi kile alikuja Kibiti kututembelea, akasema mgongo unamsumbua na halali. Nilikuwa sijamwekea mtu mwingine mikono. Nikamlaza mkekani, nikamwekea mgongoni, akalala pale pale hadi adhuhuri. Alikaa siku tatu, na siku zote tatu alilala. Alipoamka siku ya kuondoka alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba mtoto aliyemwogesha ameshakuwa mkubwa.

Akarudi baada ya miezi miwili, mara hii mgongo huohuo. Akarudi tena mpunga ulipoanza kuchanua. Kutoka kisiwani hadi Kibiti si safari ya kuja kwa mgongo tu. Ni boti, ni kungoja maji yajae, ni kukaa juu ya magunia kwenye lori. Nilipaswa kushangaa. Badala yake nilifurahi, na hapo ndipo ninapojikasirikia hadi leo. Shuleni nilikuwa mtu wa kupayuka na viboko. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuulizwa chumvi. Kwa dada nilikuwa mtu mwenye mikono.

Safari ya tatu, nilipokuwa nimemwekea viganja begani, alinishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu chini ya kanga, kwenye titi la kushoto, akauacha hapo. Kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama kokwa ya fenesi, hakisogei. Ngozi ya juu ilikuwa imebonyea.

Nilimuuliza kina muda gani.

"Kabla sijaja mara ya kwanza," alisema. "Nilikuwa nakuletea hiki. Niliona haya kukuambia, nikasema mikono itakiona yenyewe."

Miezi saba. Alikuwa amekuja kwangu mara tatu na uvimbe titini, akalala chini ya viganja vyangu, nami sikuona kitu. Nilimwambia mikono yangu haijui kitu kile, anatakiwa hospitali, tena hospitali kubwa ya Dar, kesho. Akasema tangu aanze kuja kwangu hakina maumivu. Nikasema kutouma si kupona. Akasema mbona mimi kichwa changu kimepona. Nikasema kichwa si titi. Tulizunguka hivyo mpaka sauti yangu ikapanda na mume wangu akazima redio, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kijijini kwao kulikuwa na mwanamke aliyepelekwa Dar na uvimbe kama ule akarudi ndani ya jeneza, na kwa dada hesabu ilikuwa rahisi: aliyekwenda alikufa, asiyekwenda bado anapika. Asubuhi akafunga kitambaa chake akaondoka bila kunywa chai.

Nilimwandikia Mama wa Kijapani. Barua ilichukua wiki nyingi, na jibu lilikuja na stempu nzuri. Alisema reiki haichukui nafasi ya daktari, kwamba alinieleza hivyo, na kwamba nimkumbatie dada kwa niaba yake. Ni kweli alinieleza. Alinieleza siku ya pili, kati ya kisogo na koo, nami nilikuwa nawaza mahali pa kupata dakika arobaini. Mwishoni mwa barua alinikumbusha nisikasirike, kwa leo. Niliikunja nikaiweka chini ya sahani za wageni, na kusema kweli nilimchukia kwa muda wa siku mbili.

Shule zilipofungwa nilikwenda mwenyewe. Nilifika Nyamisati na lori la wanunuzi wa kamba, wale wapya wenye masanduku ya barafu, nikavuka na boti ya watu waliokuwa wanarudi na unga na mafuta ya taa. Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga kama somo, kuanzia rahisi kwenda gumu. Nilipoingia uani kwa dada nikakuta mkeka umetandikwa na wanawake kumi na mmoja wamekaa, wengine na watoto wagonjwa mapajani, mmoja na mguu umevimba, bibi mmoja haoni. Dada alikuwa amewaambia nakuja. Alikuwa amepika wali na kamba, amevaa kanga mpya, anatembea kati yao akigawa maji, na mkono wa kushoto ameubana kifuani kama kuku mwenye bawa bovu.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Watu wako wanakungoja."

Nilisimama na begi langu. Nikawaambia wanawake wale, kwa sauti ya darasani, maana nyingine sikuwa nayo, kwamba mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Sijui ugonjwa. Nilifundishwa kujishika mwenyewe nipate usingizi, na usingizi nilipata, basi. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati leo hii maji yakiwa bado yamejaa. Bibi mmoja akasema kwa upole kwamba hata waganga wakubwa huanza kwa kukataa. Wengine wakaitikia. Hakuna aliyeinuka. Nikatazama nyuso zile zilizonyamaza kwa heshima nikaona kwamba kadiri ninavyokana ndivyo ninavyozidi kuaminika.

Nikamshika dada mkono nikaingia naye ndani. Shemeji yangu alikuwa humo, mtu mpole, mikono imeiva kwa rangi ya magome ya mikoko, amekaa kitandani anasikiliza. Nilimwomba dada anionyeshe. Uvimbe ulikuwa umepasua ngozi. Alikuwa ameuziba na kitambaa cha kanga kilichochemshwa, kisafi, kimekunjwa vizuri, kazi ya mwanamke nadhifu.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalitoka kichwani. Nikakaa chini nikalia, si kwa adabu, nikalia kwa hasira. Nilimwambia amenifanya mwongo mbele ya watu, amenifanya niwe silaha ya kujiulia, na kwamba akifa mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua kwa kumlaza usingizi. Dada hakuwa amewahi kuniona hivyo. Alingoja nimalize.

"Nikienda huko Dar," akauliza, "utaniwekea mikono?"

Nilisema nitamwekea. Kila siku. Lakini ndani ya wodi, na baada ya daktari, si kabla yake.

"Na wakitaka kukata?"

"Wakate. Mimi nitakuwa nimekushika miguu."

Shemeji ndiye aliyesimama kwanza. Alitoka nje akawaambia wanawake kwamba mwalimu anaondoka na dada yake maji ya mchana, na kwamba mwenye mtoto mgonjwa nafasi ipo botini. Wawili wakaja.

Sitaeleza safari ile yote. Masika yalikuwa yamechelewa kwisha, barabara ya Kibiti hadi Dar ilikuwa tope na mchanga kwa zamu, tulilala Bungu kwa sababu gari lilizama. Hospitali nilisimama na dada mbele ya daktari kijana mwenye miwani, akafungua kitambaa, akauliza tulikuwa wapi miezi yote. Dada akamjibu kwa fahari kwamba alikuwa anatibiwa na mdogo wake. Daktari alinigeukia, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Mwalimu mzima," akasema, akaendelea kuandika.

Nikakiokota kile kitambaa nikakikunja.

Walilikata titi lote na tezi za kwapani. Daktari alisema tumechelewa, hawezi kuahidi. Mimi nilitimiza langu. Kila alasiri, saa ya kuona wagonjwa, nilimwekea dada viganja miguuni, kisha tumboni, kisha kichwani, huku wauguzi wananikwepa na ndoo zao na mgonjwa wa kitanda cha pili ananiomba nikimaliza nimfikie na yeye. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikungojea joto tena, na ni katika wodi ile, na kelele zile, ndipo viganja viliponiwaka mara ya kwanza, joto la kweli, kama nimeshika kikombe cha chai. Ningependa kusema nilifurahi. Nilikereka. Miezi kumi na nane nililitafuta nikiwa nalihitaji, likaja siku ambayo lisingeweza kusaidia kitu. Dada aliniambia nisiondoe mikono, basi sikuiondoa.

Akapona. Nasema akapona kwa sababu aliishi, akavuna mpunga mara nyingi, akamwoza binti yake wa mwisho, na kila mwaka tulipokwenda apimwe, daktari alitikisa kichwa kwa mshangao. Huo ndio mwisho mwema, na mimi nashukuru, namshukuru Mungu na namshukuru yule kijana mwenye miwani. Tatizo ni kwamba dada hakumshukuru. Katika harusi ya binti yake, uani, mbele ya wanawake wa nusu ya kisiwa, nilimsikia akiwaeleza habari ile, na ndani yake hakukuwa na daktari hata kidogo. Nilimsogelea nikamwambia, dada, sema na hospitali. Akatafuna pilau yake akameza.

"Daktari alikata," alisema. "Kukata hata shemeji yako anakata. Aliyeponya ni wewe."

Nikamwambia atawaua watu. Akaniambia nisiharibu harusi.

Na kweli walikuja. Walikuja Kibiti kwa boti na malori, kutoka visiwani, kutoka Ruaruke, kutoka Mtawanya, mwanamke na mtoto wake, mwanamke na mama yake, wanabisha hodi nikiwa nasahihisha madaftari. Nilijaribu kuwafukuza, wakakaa barazani. Nilijaribu kuwaeleza, wakaitikia kwa heshima ileile. Mume wangu, ambaye kwa miaka alikuwa hana la kufanya, ndiye aliyepata dawa. Aliwapanga barazani kama alivyokuwa anawapanga wakulima siku za korosho, akawa anamuuliza kila mmoja daftari la matibabu liko wapi. Asiye na daftari lililoandikwa na zahanati hapiti mlangoni. Zahanati ilikuwa hatua mia mbili. Walinung'unika, wakasema mke wake hana majivuno ila yeye anayo, wakaenda, wakapimwa, wakarudi na daftari mkononi na vidonge kwenye kanga.

Hapo nikawawekea mikono. Sikuwa na sababu ya kukataa tena. Nililisoma daftari kwanza, ukurasa kwa ukurasa kama nasahihisha insha, nikawauliza wamemeza dawa au hawajameza, nikawagombeza waliokuwa hawajameza. Kisha nikawalaza mkekani. Wengi walilala. Wakiamka walisema wamepona, nami niliwaambia warudi zahanati tarehe iliyoandikwa, wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu.

Mimi mwenyewe sikupata tena dakika arobaini. Asubuhi baada ya sala nilijiwekea viganja machoni, nikahesabu polepole, na mara nyingi sikufika kooni kabla mtu hajabisha.